Kwa wazazi vijana wa Tanga: chezeni na watoto wenu

Wanangu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na Mwanzange,

Salamu nyingi. Nawaandikia kwa ajili ya watoto wenu wadogo. Naona mnavyojinyima ili wasome mapema, na Mungu awalipe. Lakini mtoto wa miaka mitatu anakalishwa mkekani aandike a, e, i, o, u mpaka machozi yanamtoka, na akikimbilia mchanga anaitwa: "Ingia ndani, acha upuuzi!" Si upuuzi, wanangu. Huko mchangani ndiko anakosoma.

Mtazameni mtoto wa miaka saba akicheza mdako. Anarusha kete juu, na kabla haijashuka amekwisha kuzoa vijiwe shimoni kwa mkono uleule na kuidaka. Akirusha tena anavirudisha, anabakiza kimoja. Hapo pana hesabu, pana shabaha, pana kungoja zamu na kukubali kushindwa. Vidole vya namna hiyo havisumbuliwi na kalamu.

Wadogo zaidi msiwape vijiwe wala gololi, watazitia mdomoni na kupaliwa. Wapeni vifuu, sufuria, vifuniko vikubwa. Wa miaka minne akipika ubwabwa wa majani, kaeni naye chini mnunue: "Sahani shilingi ngapi, mama? Mbona chenji yangu hujanipa?" Mtasikia maneno ambayo hamkujua kama anayo.

Maana mchezo unataka mtu wa kuujibu. Hata wa miezi sita: jifunike uso kwa khanga, funua, mngoje acheke, rudia. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka hii ya mwanzo, na hukuzwa na huku kuitana na kuitikiana. Simu haimwitikii. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Likashauri pia kwamba kuanzia mwaka mmoja hadi minne mtoto apate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku. Saa tatu hizo hazipatikani sebuleni. Mtoeni uani, mtu mzima akiwa karibu.

Tena si hisani mnayomfanyia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kumpa mwanawe.

Akina baba, nanyi nawasema. Ukirudi jioni na baiskeli yako kutoka Mgandini, kata magurudumu kwenye ndala kuukuu, yatie kwenye boksi la maziwa, ufunge kamba, kisha mlivute pamoja. Robo saa yako ina thamani kwake kuliko gari la dukani ulilomtupia ukaondoka.

Na anayecheza na mwanawe kila siku ndiye atakayeona mapema kama pana tatizo: haitikii sauti, hafuati kitu kwa macho, ametimiza mwaka na hatamki hata "ba-ba". Hapo msikubali kuambiwa "atasema tu, hata babu yake alichelewa". Chukueni kadi yake, mpelekeni kliniki wiki hiyohiyo, na mumweleze mhudumu hayo mliyoyaona mkicheza naye.

Bibi yenu,
Makorora, Tanga