Barua ya mwisho wa muhula kwa wazazi wa mwaka wa kwanza na wa pili

Lubumbashi, mwisho wa muhula wa pili

Wapendwa baba na mama, na ninyi walezi wote,

Salamu kutoka shuleni. Watoto wanaanza likizo ya Pasaka. Buletini za matokeo ya watoto zitatolewa Ijumaa asubuhi. Tafadhali mzazi aje mwenyewe, asitume kaka au dada wa mtoto, maana safari hii mwalimu ana neno na kila nyumba kuhusu hesabu.

Wengi wenu mnatuambia kwa furaha kwamba mtoto sasa anahesabu mpaka mia. Tunafurahi pamoja nanyi, lakini kuhesabu kwa mdomo hakutoshi. Jaribuni jambo hili nyumbani. Mpeni mtoto vijiti 16, avihesabu, kisha aandike 16. Mwonyesheni ile 6 kwa kidole, mwulizeni: vijiti vyake ni vipi? Atatenga sita. Sasa mwonyesheni ile 1. Watoto wengi wa umri huu hutenga kijiti kimoja tu. Vile tisa vinabaki mezani na wala hawashangai. Jina la namba wanalijua. Hawajaona bado kwamba ile 1, kwa kuwa imekaa kushoto, ni kumi nzima.

Makosa mengi yanayowasumbua baadaye huanzia hapo. Mtoto anaambiwa aandike mia tatu na tano, anaandika 3005, kwa sababu amefuata alivyosikia: 300, halafu 5. Anaambiwa atoe 17 kwenye 52, anapata 45, kwa sababu 2 haitoshi kutoa 7, basi amegeuza, akatoa 2 kwenye 7. Nawasihi, msimpige kwa jibu hilo; amefikiri, ila amefikiri kwa tarakimu zisizo na nafasi. Mpeni mafungu matano ya vijiti kumi kumi, na vijiti viwili pembeni. Atalazimika kufungua fungu moja, apate vijiti 12. Akitoa 7 vinabaki 5. Akitoa na fungu moja, yanabaki mafungu matatu. Hiyo 35 ameipata kwa mikono yake, na hatasahau upesi.

Watoto wa mwaka wa pili tuliwasimulia pia habari za mfupa wa Ishango, uliopatikana mwaka 1950 na Jean de Heinzelin huko Kivu ya Kaskazini, karibu na Ziwa Edward. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na una alama zilizochanjwa kwa makundi. Tuliwaambia wachanje nao, alama moja kwa kila kitu. Kwa vitu 305 zinahitajika alama 305! Namba tunazotumia leo, ambazo asili yake ni India, zinatosheka na tarakimu tatu, na sifuri ya katikati inatunza nafasi ya makumi ambayo haina kitu. Waulizeni, watawaeleza.

Fedha nazo zinasaidia, lakini baada ya vijiti, maana noti ya franka 1000 haionyeshi kwa macho kwamba ndani yake mna 100 mara kumi. Mnapomfundisha, tumieni noti za 100, 1000 na 10,000 peke yake. Za 200, 500 na 5000 wekeni kando kwanza. Zinamchanganya mtoto ambaye bado anatafuta kumi.

Tunaomba kila mtoto arudi na mafungu kumi ya vijiti, kila fungu vijiti kumi, yamefungwa kwa raba au uzi. Vijiti vya ufagio vinafaa, hakuna haja ya kununua kitu. Ila afunge mtoto mwenyewe, hata kama atakosea na kuanza upya. Siku ya kwanza ya muhula wa tatu tutayafunga yale kumi pamoja na kuandika 100.

Pasaka njema kwenu nyote.

Direkta wa shule