Lilian Lindsay na mdudu wa jino

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimzungumzie Lilian Lindsay, mwanamke wa kwanza kuhitimu udaktari wa meno nchini Uingereza. Kila anapotajwa husifiwa kwa hilo la kuwa wa kwanza, kisha watu wanageuza ukurasa. Mimi ni tabibu wa meno, nimeng'oa na kuziba meno kwa miaka 26, na naona kazi yake kubwa zaidi ni ile aliyoifanya alipokwisha kuweka koleo chini.

Alizaliwa London mwaka 1871 kwa jina la Lilian Murray, katika nyumba ya watoto 11. Mkuu wa shule yake, Frances Buss, alitaka awe mwalimu wa viziwi. Binti akakataa. Mkuu yule akaapa kumfungia milango mingine yote, naye akamjibu kwamba hataweza kumzuia kuwa daktari wa meno.

Mwaka 1892 aliomba kusoma katika Hospitali ya Taifa ya Meno mjini humo. Mkuu wa masomo, Henry Weiss, alimsaili nje, kando ya barabara, kwa kuhofia kuwa akiingia ndani atawashughulisha wanafunzi wa kiume. Msichana wa miaka ishirini na kitu amesimama njiani, anajieleza, na kizingiti haruhusiwi kukivuka! Weiss alimshauri ajaribu Edinburgh, Scotland. Huko alipokelewa, ingawa Sir Henry Littlejohn, daktari mashuhuri wa huko, alimwambia anachelea kuwa atamnyang'anya mkate mwanamume fulani maskini. Akafaulu kwa heshima mwaka 1895.

Alirudi London akiwa na deni la masomo, akafanya kazi miaka kumi. Mchumba wake Robert Lindsay, daktari wa meno waliyejuana Edinburgh, alimngoja hadi 1905 ndipo wakaoana.

Mwaka 1920 mumewe alipata kazi katika Chama cha Madaktari wa Meno cha Uingereza, wakatoka Edinburgh walikokuwa wakifanya kazi, wakahamia London. Lilian akajitolea kukianzishia chama hicho maktaba, akaitunza kwa zaidi ya miaka 30. Na mwaka 1946, mwaka uleule aliochaguliwa kuwa rais wa kwanza mwanamke wa chama, ilitoka tafsiri yake ya kitabu cha Mfaransa Pierre Fauchard, daktari wa meno, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1728. Alikuwa na umri wa miaka 75, mhariri. Kitabu hicho ndicho kilichoweka msingi wa taaluma yetu, na Waingereza walikuwa wamekaa miaka zaidi ya 200 bila kukisoma kwa lugha yao.

Katika kitabu hicho Fauchard anaeleza kwamba alitafuta mdudu wa jino hata kwa hadubini asimwone. Tena anaonya kuwa sukari huharibu meno.

Nasi je? Karibu kila siku ananijia mtu ameshika shavu, anasema mdudu anamtafuna jino. Mzee mmoja aliniomba nimwonyeshe huyo mdudu. Jino lake lilikuwa limepasuka nikiling'oa, na ndani kilionekana kiini chake, nyama laini nyembamba kama uzi. Akanyoosha kidole: "Si huyo hapo, binti yangu?" Sikumcheka. Nani aliwahi kumwandikia mzee yule kwa Kiswahili kwamba ule ni mshipa wake mwenyewe?

Kinachoniuma zaidi ni watoto wachanga. Mtoto anaharisha, ana homa, watu wanasema ana meno ya plastiki, anapelekwa kukatwa fizi. Kinachotolewa pale ni chonge lake ambalo bado halijakomaa, na kifaa chenyewe hakijachemshwa. Nimewapokea watoto hao fizi zikiwa zimevimba, mama analia, na homa iko palepale kwa sababu ilitokana na jambo jingine kabisa.

Vyuoni tulisomeshwa kwa Kiingereza, na tukishaajiriwa elimu yenyewe hubaki kwenye madaftari yetu. Lilian Lindsay angeweza kumsoma Fauchard kwa Kifaransa, akatosheka. Hakutosheka.

Ombi langu ni safu moja ndogo kila wiki, ya kinywa na meno, kwa Kiswahili cha kueleweka. Nitaiandika bila malipo, na nina wenzangu wawili walio tayari kunisaidia. Ya kwanza nimeshaianza: ni nini hasa kinachotoboa jino.

Tabibu wa meno,
Muheza, Tanga