Barua kwa mwanangu anayetaka kufuga mbwa mkubwa

Lanet, Nakuru

Mwanangu mpendwa,

Nimeiona picha ya mtoto wa mbwa wa aina ya Great Dane uliyonitumia kutoka Kisumu, na nimesoma kwamba mwenzako kazini anakuuzia kwa bei nafuu nawe unasubiri baraka zangu tu. Anapendeza kweli, nimemtazama mara tatu. Lakini kabla hujatoa pesa zako, kuna jambo ambalo baba yako na mimi tulikuficha, na sasa umri wako unaruhusu ulisikie.

Simba, mbwa wetu wa aina hiyohiyo, hakufa kwa homa kama tulivyokuambia ulipokuwa bweni. Jioni ile alikimaliza chakula chake kwa pupa, kama kawaida yake, kisha akakimbizana na watoto wa jirani uani. Saa 3 usiku nilimkuta amesimama kando ya tangi la maji, ameinyoosha shingo, anajaribu kutapika na hakitoki kitu ila povu jeupe. Nilipomshika ubavu, ngozi ilikuwa imewambwa kama ya ngoma, na nilipoupiga kwa kidole ukatoa mlio wa kitu kitupu. Mfuko wa tumbo ulikuwa umejaa gesi na kujipinda, ukaziba pa kuingilia na pa kutokea, ukazuia pia damu isirudi moyoni. Hali hiyo huua kwa saa chache mbwa asipopasuliwa, na katika aina zote za mbwa, Great Dane ndiye aliye hatarini zaidi kwa sababu ya kifua chake kirefu kwenda chini. Sisi hatukuyajua hayo. Baba yako alihangaika kutafuta gari zaidi ya saa nzima, kwa maana hakuna bodaboda wa kubeba mbwa wa kilo 70. Wanaume wanne walipomtoa kwa blanketi, alikata roho kabla hawajafika langoni.

Uzito huohuo ndio utakaokula mshahara wako. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe, antibiotiki na nusukaputi hupimwa kwa kilo za mnyama, kwa hiyo dozi inayomtosha mbwa wa kawaida wa kilo 15, huyu atahitaji mara nne au zaidi. Chanjo, kama ile ya kichaa cha mbwa, ndizo zisizotazama ukubwa. Akikomaa atakula karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku, yaani mifuko 2 ya kilo 15 kila mwezi, na wewe mwenyewe huimalizi gorogoro ya unga kwa wiki.

Usidhani kwamba ugali na omena vitakuokoa katika mwaka wa kwanza. Mbwa hawa hukua kwa kasi ya kutisha, ilhali mifupa na viungo vyao huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kukomaa. Tulipomwona Simba akirefuka tulimnunulia unga wa mifupa kwenye agroveti, tukauchanganya na maziwa kila asubuhi tukiamini tunamwimarisha, kumbe mwili wa mbwa mchanga hauwezi kuikataa kalsiamu iliyozidi. Miguu yake ya mbele ikapinda. Kosa hilo lilikuwa letu, na bado linaniuma.

Ziko pia shida ambazo hata malezi mema hayazizuii zote: nyonga zisizokaa sawasawa, moyo unaotanuka na kulegea hadi ushindwe kusukuma damu, na saratani ya mifupa. Ndiyo maana kwa kawaida Great Dane huishi kati ya miaka 7 na 10, wakati yule koko wa nyanya yako alifika miaka 14 bila hata kumwona daktari. Tena hapa Nakuru, tulio juu kiasi cha mita 1,850, Simba alikuwa akichimba chini ya ua mchana ili alalie udongo wenye ubaridi. Kisumu iko chini ya hapo kwa mita 700 hivi, na joto lake unalijua. Katika nyumba yako ya kupanga pale Mamboleo, atalala wapi saa 8 mchana?

Kama moyo wako umekwisha kumpenda, basi omba kuwaona wazazi wake wote wawili, uulize walivyo kwa moyo na nyonga. Mlishe mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, na umpumzishe baada ya kula. Siku ya kumhasi, mwombe daktari amshonee mfuko wa tumbo kwenye ukuta wa mwili ili usiweze kujipinda. Daktari huyo mtafute sasa hivi, kwa sababu aliye hodari kwa ng'ombe si lazima awe na meza ya kumpasulia mbwa wa kilo 70, na wengi hufunga jioni.

Nijibu kabla hujamlipa huyo mwenzako. Nitajie jina la daktari atakayeitika simu usiku, na gari litakalombeba. Ukiwa navyo viwili hivyo, nitapanda matatu nije Kisumu nimwone mwenyewe.

Mama yako akupendaye