Risala ya Klabu ya Lugha kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Na kwenu wazee wetu mliotoka Mvumi, Hombolo na Bahi tangu alfajiri: mbukwenyi!

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru nawe, mgeni rasmi, kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi chini ya turubai hili katika jua la Dodoma. Sisi wanaklabu ya lugha tumepewa heshima ya kusoma risala kwa niaba ya wahitimu wote. Tumechagua kueleza jambo moja tulilolifanya kwa miaka miwili: kuandika habari za kwetu kwa Kiswahili, kisha kuzipeleka kwa wasomaji wa lugha nyingine kwa msaada wa programu ya kutafsiri.

Mgeni rasmi, tulianza na kompyuta moja ya maktaba. Kila Ijumaa baada ya vipindi mwenzetu mmoja alisoma makala yake, tukaisahihisha, tukaiingiza kwenye programu, na kabla hatujafuta ubao ilikuwa imetoka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kireno na Kiarabu. Siku ya kwanza tulipiga makofi. Mwalimu wetu alitusimulia kwamba mwaka 1954, mwaka uleule ilipozaliwa TANU, kompyuta ya IBM ilionyeshwa New York ikitafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa Kiingereza, na msamiati wake wote ulikuwa maneno 250. Leo mtoto wa Chamwino anaandika habari za shamba la baba yake, na mtu wa Maputo anaweza kuisoma kwa Kireno jioni hiyohiyo.

Makofi yalipungua tulipoanza kusoma kwa makini kilichotoka. Makala ya mkulima wa Mpunguzi ilisema anachuma mzabibuni matunda yaliyokwisha kukaushwa, kwa kuwa sisi neno "zabibu" hulitumia kwa tunda bichi na kavu pia. Hilo tulilirekebisha upesi. Lakini liko kosa moja lililotuuma, nasi tunaomba utuvumilie tulieleze.

Mwenzetu aliandika kuhusu kisima cha kijijini kwao. Aliandika kwamba mama yake hupanga ndoo kwenye foleni saa kumi alfajiri. Wasomaji wa Kiingereza na Kifaransa walipata saa nne ya asubuhi, kwa sababu programu iliiona namba kumi ikaiweka kama ilivyo, na saa kumi yao ya asubuhi ndiyo saa nne yetu. Msomaji mmoja kutoka Dakar akatuandikia kwa upole kuuliza kuna taabu gani kuchota maji wakati jua limeshatoka na watoto wako shuleni. Mgeni rasmi, yule mama anaamka usiku wa manane, anatembea gizani, na mwanawe aliandika makala nzima ili jambo hilo lijulikane. Neno moja tu likapotea, na taabu yake yote ikapotea nalo.

Wapo waliotushauri tuandike saa kwa mtindo wa Kizungu ili programu isikosee. Tulikataa. Siku yetu huanza jua linapochomoza, na saa yetu ya kwanza ni saa moja asubuhi. Atakayerekebishwa ni mtafsiri, mwenye lugha aachwe aseme kama anavyosema. Tangu siku hiyo hakuna makala inayotoka kabla ya watu wawili kuirudisha kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, na kuulizana: mwandishi alisema hivi?

Kwa njia hiyo tuliona mengi. Kiswahili kinasema "daktari amefika, muuguzi anamsubiri" bila kutaja mwanamume wala mwanamke. Programu ilimfanya daktari kuwa mwanamume na muuguzi kuwa mwanamke, ilhali daktari tuliyemwandika ni dada yake mwenzetu. Programu hizi hujifunza kwa kulinganisha mamilioni ya sentensi zilizokwisha kutafsiriwa na watu, kisha hukisia neno linaloelekea kufuata. Mazoea ya waandishi wa zamani huwa mazoea yake. Tena nyingi hupitia Kiingereza kwanza kabla ya kufika kwenye Kifaransa, na kosa lililoingia njiani husafiri hadi mwisho.

Hapo ndipo tulipokikumbuka Cigogo, lugha ya Wagogo wa hapa Dodoma. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, nasi tunajivunia. Lakini bibi zetu wengi hutegeana vitendawili kwa Cigogo, na wenzetu wa Kondoa na Chemba wana Kirangi na Kisandawe chenye sauti zake za vidoko, yaani milio ya ulimi, ambazo kibodi yetu haina. Programu tunayoitumia haina hata moja kati ya lugha hizo. Haiwezi kujifunza lugha isiyo na maandishi ya kutosha. Biblia ya Cigogo ipo, lakini lugha ya kisimani, ya sokoni Majengo na ya kubembelezea mtoto haimo humo.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, ombi letu ni hili. Tunahitaji vinasa sauti viwili, kompyuta moja zaidi na malipo ya intaneti ya mwaka mmoja, ili wadogo zetu wanaobaki waende vijijini wakati wa likizo kuwarekodi wazee, waandike maneno yao na tafsiri yake ya Kiswahili sambamba. Kila mzee ataombwa ruhusa kwanza, na nakala ya maneno yake itabaki kwake. Tunawaomba pia wazazi mliopo mturuhusu tuje, na mtuketishe karibu na wazee bila kuharakishwa.

Bibi mmoja wa Mvumi amekubali kuanza leo. Ameketi safu ya mbele. Baada ya risala hii atatutegea kitendawili kwa Cigogo, nasi tunakuomba ujaribu kukitegua kabla hatujakutafsiria.

Tunaomba kuwasilisha.