Kopo la shangazi

Unguja, Ijumaa

Sahibu yangu Rashid,

Assalaam alaykum. Waraka wako wa Maskati nimeupata, na naona ubishi wetu wa barazani umepanda nao ndege. Unashikilia kwamba anayeikimbia riba anayakimbia na maendeleo, maana pesa yake imelala. Basi nikupe habari ya shangazi.

Juzi aliniita nimfungulie kopo la maziwa ya unga lililoshika kutu mdomoni. Ndani mna kipande cha kanga, ndani ya kanga noti zilizokunjwa nne nne, zinanukia udi. Akiba ya Hija, miaka na miaka. Zaidi ya nusu ni zile noti za zamani ambazo mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa Aprili 2025. Nikamwambia. Alizitazama, akazirudisha koponi moja moja, kisha akaniuliza kama nimekula.

Najua utasema, "Unaona?" Lakini dini haikumwambia azilaze! Kila mwaka akizitolea zaka, mbili na nusu kwa mia, kwa hiyo kopo lilikuwa likimegeka hata bila ya noti kufa. Sayyidna Umar alihimiza mali za mayatima zifanyiwe biashara, zisije zikaliwa na zaka. Riba imefungwa, sawa, ila mudharaba uko wazi: huyu atoe mtaji, yule atoe jasho, faida wagawane. Shangazi alikosa wa kumpokelea mtaji wake tu.

Malaysia walikuwa na mashangazi kama wetu. Watu wakiuza ng'ombe na mashamba waende Makka, wakirudi hawana kitu. Pesa zao hawazipeleki benki kwa kuogopa riba. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz akaandika pendekezo, na 1963 ukaanza mfuko unaoitwa leo Tabung Haji. Mwanakijiji anaweka kidogo kidogo kwa nia ya Hija, mfuko unazizungusha kwenye michikichi, majengo na hisa, naye anapata fungu lake la faida. Wenye akaunti sasa wamepita milioni 8. (Mwaka huohuo wa 1963 mchumi Ahmad al-Najjar alifungua benki ya mtindo huo kwa wakulima wa Mit Ghamr, Misri, ila haikudumu.)

Sikufichi, Tabung Haji nayo iliyumba. 2018 serikali ikaunda kampuni ya kuzichukua mali zake zilizodorora. Wewe mhasibu utalishikilia hilo. Mimi nashikilia kwamba walianza na safari ambayo mtu tayari anaililia usiku.

Kwa kuwa serikali yetu ya Zanzibar imetoa sukuk 2025, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, nikamweleza shangazi: faida yake hutoka kwenye mali, si kwenye mkopo. Akasikiliza mpaka mwisho. "Na nikitaka kwenda Makka, watanirudishia lini?"

Jumatatu nampeleka kwenye benki isiyo na riba akaulize mwenyewe. Kanga ameshaifua. Kopo pia anataka aende nalo.

Wasalimie watoto.

Wako,
Suleiman