Usiipigie simu ile namba

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, nami nimeisoma taratibu kwa sababu sikutaka kukujibu harakaharaka. Unasema kompyuta imekuwa nzito, ukitafuta kitu kwenye intaneti unapelekwa kwenye kurasa usizozijua, na juzi likajitokeza dirisha jekundu lenye mlio mkali likikuambia kwamba kompyuta imeambukizwa, upige simu kwa namba iliyoandikwa pale. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo la hatari kuliko yote. Usiipigie ile namba. Na dirisha likirudi, usibofye chochote ndani yake, hata kile kialama cha kulifunga.

Ukurasa wa intaneti hauwezi kuikagua kompyuta yako na kujua ina virusi gani. Kilichopo pale ni picha na sauti tu, vilivyotengenezwa ili uingiwe na hofu na utende kabla ya kufikiri. Atakayepokea simu atajitambulisha kuwa fundi wa kampuni kubwa. Atakuomba usakinishe programu ya kumwezesha kuiendesha kompyuta yako akiwa mbali, kisha atakufungulia kumbukumbu za makosa madogomadogo, ambazo kila Windows inaziandika hata ikiwa nzima kabisa, akuambie kwamba virusi ndivyo hivyo. Kutoka hapo yanafuata malipo, au akaunti yako ya benki. Microsoft wenyewe wanasema maonyo yao hayabebi kamwe namba ya simu. Dirisha likigoma kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari, yaani ile programu unayofungulia kurasa za intaneti, kwenye orodha itakayotokea, ukizime. Ukikifungua tena, usikubali kikurudishie kurasa zilizokuwa wazi.

Angalia pia arifa. Kuna tovuti zinazokuuliza kama unaziruhusu zikutumie arifa, na wengi wetu tunabofya kukubali ili tuendelee kusoma. Tangu hapo matangazo na maonyo ya uongo yanachomoza pembeni mwa skrini hata kama huiangalii tovuti ile. Hicho si kirusi. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya arifa, futa ruhusa zote usizozitambua.

Sasa uzito wa kompyuta. Peke yake si ushahidi wa kitu. Diski ikijaa, kompyuta inalemewa. Programu nyingi zikijiwasha zenyewe asubuhi, inalemewa. Windows ikiwa inapakua masasisho, vilevile. Ila ukisikia feni inazunguka kwa nguvu wakati huifanyii kazi yoyote, fungua ileile orodha ya Ctrl, Shift na Esc uone ni programu gani inayokula nguvu za kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta. Zipo programu zinazojipenyeza ili kuchimba sarafu za kidijitali kwa umeme wako, na dalili yake mara nyingi ndiyo hiyo. Lakini tafadhali usifute kitu kwa sababu tu jina lake ni geni. Windows ina vipande vyake vingi vyenye majina ya ajabu, na ukikifuta kimojawapo unaweza kujiongezea tatizo.

Huko kupelekwa kwenye kurasa usizozitaka ndiko kunakonishughulisha zaidi, kwa sababu hiyo ni dalili hasa. Kuna kitu kimeshika kivinjari chako. Kwa kawaida ni programu nyongeza, zile ndogondogo zinazopachikwa ndani ya kivinjari, iliyoingia pamoja na kitu kingine ulichosakinisha ukibofya "endelea, endelea" bila kusoma. Zifungue zote uzitazame. Usiyoikumbuka, iondoe, kisha rudisha injini ya utafutaji na ukurasa wa mwanzo unavyovitaka. Zipo na dalili nyingine za kutilia maanani: kinga ya virusi imezimwa na inakataa kuwashwa, tovuti za kampuni za usalama peke yake hazifunguki wakati nyingine zote zinafunguka, marafiki wanapokea kutoka kwako ujumbe usioutuma, unaarifiwa kwamba akaunti yako imefunguliwa kwenye kifaa usichokijua. Ukiona mojawapo ya hizi, usingoje wiki ijayo.

Pamoja na hayo, usidhani kwamba kimya ni salama. Kirusi kiitwacho Brain, cha mwaka 1986, kilikuwa kimebeba ndani yake majina, anwani na namba za simu za ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, waliokiandika. Programu za kijasusi za leo zinataka kinyume chake: usijue kamwe kwamba zimepita. Zipo zinazonakili kila herufi unayoichapa. Zipo zinazokusanya kwa mkupuo mmoja nywila zote ulizozihifadhi kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vyake, zikazipeleka kwa mwizi aliyezituma, kisha zikajifuta. Vidakuzi ni vya hatari kwa sababu ndivyo vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia. Mwenye kuviiba anaweza kuingia kwenye akaunti yako bila kuulizwa nywila. Kompyuta itaendelea kwenda vizuri kabisa, na wewe utakuja kushtuka siku barua pepe yako inapokukataa.

Kwa hiyo kusafisha kompyuta ni nusu ya kazi. Kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi kwa kufuta kirusi. Nywila zinapaswa kubadilishwa, tena kwa kutumia kifaa kingine ambacho una hakika ni kizima, kwa sababu ukizibadilisha kwenye kompyuta ileile kabla haijapona unamwandikia mwizi nywila mpya. Anza na barua pepe, maana nywila za akaunti nyingine zote zinarejeshwa kupitia humo. Halafu benki. Kila akaunti utakayoifikia, tafuta mahali pa kutoka kwenye vifaa vyote kwa mara moja, ili vile vidakuzi vilivyoibwa visifae tena, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai kitu cha pili mbali na nywila, kama namba ya siri inayokujia kwenye simu.

Umeniuliza vinaingiaje. Nitakujibu kwa uwazi, kwa sababu nimezitazama kompyuta za ndugu na jamaa zilizoingiwa, na karibu mara zote mlango umefunguliwa kwa mkono wa mwenye kompyuta.

Mlango mpana kuliko yote ni programu za kulipia zinazogawiwa bure baada ya kuvunjwa kufuli zake, na vile viprogramu vya kuiwezesha Windows isiyolipiwa. Maelezo yake karibu siku zote yanakutaka uzime kinga ya virusi kwanza, eti inakosea. Ukifuata agizo hilo, umemwondoa mlinzi kwa mkono wako na kumpa mgeni usiyemjua mamlaka yote ya kompyuta. Kama huna uwezo wa kuinunua programu fulani, niambie unataka kufanya nayo nini. Kwa kuandika nyaraka na kupiga hesabu ipo LibreOffice, kwa kuhariri picha ipo GIMP, zote ni za bure na halali. Ila zipakue kwenye tovuti zao wenyewe. Usifuate tangazo linalotokea juu kabisa ya majibu ya utafutaji, kwa sababu walaghai hununua matangazo hayo na kuweka humo nakala zao zenye sumu.

Viambatisho vya barua pepe ni mlango wa zamani na haujafungwa. Mwezi Mei mwaka 2000 kirusi kilichotokea Ufilipino kilizunguka dunia kwa siku chache kikiwa ndani ya barua ya mapenzi. Jina la faili lilikuwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, lakini kwa kuwa Windows ilificha kiendelezi cha mwisho, yaani zile herufi baada ya nukta zinazoonyesha aina ya faili, watu waliona .TXT wakaamini ni maandishi tu. Windows inaficha viendelezi hivyo mpaka leo usipoiambia vinginevyo. Fungua dirisha la mafaili, ingia kwenye menyu ya mwonekano, washa kipengele cha kuonyesha viendelezi vya majina. Baada ya hapo, "ankara" inayoishia na .exe, .js au .vbs utaitambua kabla hujaigusa. Na kama kiambatisho kimetoka kwa mtu unayemfahamu lakini hukukitarajia, mpigie simu kwanza. Huenda kompyuta yake ndiyo iliyoingiwa.

Upo ujanja mpya unaonihuzunisha kwa jinsi unavyowapata watu waangalifu. Tovuti inakuambia uthibitishe kwamba wewe ni binadamu. Badala ya kukuonyesha picha za kuchagua, inakutaka ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kumbe ulipobofya mwanzoni, tovuti ilikwisha kuweka amri kwenye ubao wa kunakilia, pale kompyuta inapohifadhi ulichonakili, na wewe mwenyewe ndiye unayeibandika na kuiendesha. Hakuna uthibitisho wa kweli unaodai hivyo. Ukikutana na ukurasa wa namna hiyo, ufunge uondoke.

Flashi nazo uzihofu kidogo. Ukiichomeka ukakuta folda zako zote zimegeuka njia za mkato, zenye mshale mdogo pembeni, usibofye hata moja. Mara nyingi mafaili yako bado yamo, yamefichwa tu, na kila mbofyo unakiendesha kirusi. Wala usijitulize kwamba kompyuta ambayo haina intaneti iko salama: Stuxnet, mnyoo (aina ya kirusi kinachojisambaza chenyewe) uliogunduliwa mwaka 2010, ulifika kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran ambayo haikuunganishwa na mtandao, na njia yake mojawapo ilikuwa flashi.

Masasisho najua yanakuudhi, yanakuja katikati ya kazi. Lakini sikiliza hili. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba ufa ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, programu haribifu iitwayo WannaCry ikapita katika ufa huohuo, ikafungia mafaili ya watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia ya dola 300 kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali. Hospitali nchini Uingereza ziliahirisha matibabu. Dawa ilikuwa imeshatolewa, watu hawakuiweka. Kama bado unatumia Windows 10, ujue masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Upo mpango wa nyongeza wa muda, lakini anza kujiandaa kuhamia mfumo mwingine.

Haya, fanya hivi. Kwanza nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, nyaraka peke yake bila programu, kisha uichomoe diski hiyo. Ikibaki imechomekwa, programu ya kudai fidia inaweza kuifungia pamoja na kompyuta. Usisakinishe kinga mpya kwa pupa. Windows ina Defender yake ndani na inatosha kwa mtu wa nyumbani. Kinga mbili zikilinda kwa wakati mmoja hugombana na kuilemea kompyuta. Isasishe Defender, uiendeshe ukaguzi kamili, kisha ule wa nje ya mtandao unaoiwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka, maana virusi vingine vinajificha vizuri Windows ikiwa inafanya kazi. Kama baada ya hayo kivinjari bado kinapotoka, au Defender inakataa kuwaka, usihangaike kukimbizana nacho. Futa kila kitu na usakinishe Windows upya. Inachosha, lakini utalala.

Ikishapona, tengeneza akaunti ya kawaida kwa matumizi ya kila siku na uiache ile ya msimamizi kwa ajili ya kusakinisha tu. Watoto nao wapewe ya kwao. Kitu kikitaka kujisakinisha kimyakimya, mara nyingi kitadai nywila ya msimamizi, nawe utapata nafasi ya kujiuliza.

Jambo moja nimesita kuliandika, lakini siwezi kuliacha. Si kila programu ya kijasusi inatoka kwa mtu wa mbali. Nyingine huwekwa na mtu aliyeishika kompyuta yenyewe, mwenza au jamaa anayetaka kujua unamwandikia nani. Ukiona mtu anajua mambo uliyoyaandika faraghani, usiiondoe programu hiyo papo hapo, kwa sababu mwenye kuiweka atajua umegundua. Tafuta kwanza kifaa kingine, umweleze mtu unayemwamini, na usalama wako mwenyewe utangulie mbele ya kompyuta. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema tu ili ujue kwamba unaweza kuniambia.

Ukimaliza ukaguzi, piga picha orodha ya programu zilizosakinishwa na ile ya programu nyongeza za kivinjari, unitumie kwa simu. Zile zenye tarehe za karibuni ndizo nitakazozitazama kwanza. Na kabla ya hapo, usiingie benki kwa kompyuta hiyo.

Nisalimie wote.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.