Hita Ikivuja, Anza na Umeme

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako niliipata juzi, na pale uliposema kwamba nyumba mnayohamia ina hita ya maji ya zamani, yenye tangi lililofungwa ukutani juu ya bafu, niliona nisikawie kukuandikia yaliyonifika mimi, kwa maana usiku ule nusura nipoteze kitu kikubwa kuliko zulia na sakafu.

Ulikuwa usiku wa manane. Niliamshwa na mlio wa kufoka, kama wa sufuria iliyosahaulika jikoni, nikatoka na kukuta maji ya rangi ya kutu yakipita chini ya mlango wa bafu, bado yana joto. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye koki, nikaushika mlango ili niingie kuifunga. Mdogo wangu, aliyekuwa amelala kwetu, alinivuta mkono akasema, "Umeme kwanza." Hadi leo namshukuru kwa maneno hayo mawili. Hita ilikuwa inawaka, waya zake zikiingilia chini ya tangi, palepale maji yalipokuwa yakichuruzika, nami nilikuwa miguu mitupu juu ya vigae vilivyolowa.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Hita ikianza kuvuja usiiguse, na swichi yake pia usiiguse ikiwa imelowa au ikiwa unasimama kwenye maji. Nenda kwenye swichi kuu ya nyumba, mikono ikiwa mikavu na mahali pakiwa pakavu, uizime. Kama hata hiyo huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, watoe watu wote mahali hapo na uwaite watu wa umeme. Iwapo hita ni ya gesi, kinachofungwa ni valvu ya gesi, lakini ukisikia harufu ya gesi usiwashe wala usizime swichi yoyote: tokeni nje kwanza, simu upige ukiwa huko.

Umeme ukishazimwa, ndipo ushughulikie maji. Koki ya hita huwa kwenye bomba linaloingiza maji baridi. Yetu ilikuwa imekwama, kwani miaka ilikuwa imepita bila mtu kuizungusha, na nilipoilazimisha kishikio kilikatika kikabaki mkononi mwangu. Tulilazimika kuikimbilia koki kuu kando ya mita, mdogo wangu akimulika kwa tochi huku mimi nikifukua kwa vidole udongo na majani yaliyokuwa yameifunika. Muda wote huo maji yaliendelea kumwagika, kwa sababu tangi lililotoboka halimwagi yale yaliyomo tu. Kila linalotoa hujaziwa na bomba, na haliachi mpaka koki ifungwe.

Baada ya hapo tulifungua bomba la maji ya moto kwenye sinki, presha ikashuka na hewa ikapata njia ya kuingia, kisha tukafunga mpira kwenye koki ya kutolea maji iliyo chini ya tangi na kuuelekeza nje. Hapo usiwe na haraka. Maji ya nyuzi joto 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto upesi zaidi, kwa hiyo watoto wakae chumba kingine. Kumbuka pia kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja: tangi la lita 80 likijaa, ukuta umebeba kilo 80 bila kuhesabu chuma chenyewe, na ukuta uliolowa si wa kuuamini. Usisimame chini yake.

Asubuhi alikuja fundi. Alifungua tangi akachomoa fimbo ya magnesiamu, ambayo ilikuwa imelika hadi kubaki waya mwembamba, mweusi, wenye chembe chembe nyeupe zilizomeguka alipouweka kiganjani mwangu. Alinieleza kwamba fimbo hiyo huwekwa ili iliwe na kutu badala ya tangi, na ikiisha bila kubadilishwa, kutu hugeukia chuma. Sikuwahi kujua kama ipo, sembuse kuikagua. Maji yakivuja kwenye maungio ya bomba, fundi anaweza kukaza au kubadilisha kiungo mambo yakaisha, lakini tangi lenyewe likitoboka halizibiki kwa namna ya kuaminika, na atakayekuahidi kulichomelea anakupotezea fedha.

Kuna jambo moja zaidi linalonitia hofu kwa ajili yako, kwa kuwa hita hiyo imepita mikononi mwa wapangaji wengi. Angalia valvu ya usalama, ile inayoachia maji presha ikizidi ndani ya tangi. Maji yakipashwa hutanuka, hivyo kudondosha matone machache wakati hita inawaka kunaweza kuwa kazi yake ya kawaida, na wapo watu ambao huchoshwa na matone hayo wakaiziba. Ukiikuta imezibwa, usiiwashe hita hiyo hata siku moja. Themostati, yaani kifaa kinachokata umeme maji yakishapata moto wa kutosha, ikikwama, maji hupita nyuzi 100 yakiwa yamebanwa ndani, na tangi likipasuka hapo hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huo huchukua nafasi zaidi ya mara elfu moja ya maji yaliyouzaa. Nayo valvu ikimwaga maji ya moto au mvuke mfululizo, zima umeme kwenye swichi kuu, acha tangi lipoe, umwite fundi.

Mkifunga hita mpya, msiiwashe mpaka bomba la maji ya moto litoe maji mfululizo yasiyo na hewa, kwa sababu elementi, yaani kipande cha ndani kinachopasha maji kwa umeme, ikiwaka ndani ya tangi tupu huungua mara moja.

Tafadhali, kabla hamjaingiza vyombo, tafuta koki ya hita na koki kuu, uzizungushe zote mbili kwa mkono wako, na uwaoneshe watoto wakubwa swichi kuu ilipo. Kisha niandikie unijulishe kama zimezunguka, na mwaka ulioandikwa kwenye kibandiko cha tangi.

Wako akupendaye daima.